Kwa Nini Tutafute Habari za Wazee Wetu?

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu analo nyumbani mwake, ila ni wachache wanaoliangalia, nalo ni habari za ukoo wake. Siku moja nilikuwa nimeketi barazani, nikiandika majina ya wazee wetu katika daftari. Kijana mmoja wa jirani akasimama mbele yangu, akatazama nilivyoandika, akaniuliza, "Babu, hao wote si wamekwisha kufa? Wakufaa nini?" Kwanza nilicheka. Kisha nikaona ya kwamba swali lake ni swali zuri, wala halistahili kujibiwa kwa kicheko. Basi maneno yangu ya leo ni jibu la kijana yule, nanyi mliomo majumbani na shuleni nawaomba mlisikilize pamoja naye.

Sababu ya kwanza ni ya zamani sana, nayo ni kujua nani ndugu yako. Watu wa Buganda watufaa kuwa mfano. Kila Muganda ni mtu wa ukoo fulani, na kila ukoo una mnyama au kitu kingine kilicho mwiko wake: wako watu wa mbega, watu wa fungo, watu wa pongo, na wengine wengi. Mtoto hufuata ukoo wa baba yake, na kwa desturi ni haramu kuoa mtu wa ukoo wako mwenyewe, hata kama hamjapata kuonana tangu kuzaliwa. Tena majina nayo ni mali ya ukoo, hata mtu akitaja jina lake, mwenziwe hujua papo hapo kama huyu ni ndugu au si ndugu. Sir Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda, aliona habari hizi ni za thamani kubwa, akakusanya habari za koo hizo na kuzipiga chapa katika kitabu kwa lugha ya kwao. Alitambua ya kuwa jambo linalokaa vichwani mwa wazee tu hufa pamoja na vichwa hivyo.

Sababu ya pili ni mali. Hapa sina haja ya kusema mengi, maana kila mtu aliyepata kuketi katika baraza la wazee aijua. Pwani yetu, kwa desturi ya kale, shamba laweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya mtu mwingine, kwa sababu mti ni wa aliyeupanda na wa wanawe baada yake. Basi mjukuu asiyejua babu yake alipanda nini na wapi, atadaije? Kadhalika katika mirathi ya Kiislamu kila mrithi ana fungu lake lililowekwa, na Kadhi hawezi kugawa haki kabla ya kuwajua warithi wote. Mtu mmoja akisahauliwa, hesabu yote imeharibika, na ugomvi umeingia katika nyumba.

Sababu ya tatu ni afya, na jambo hili wazee wetu hawakulijua kama tulijuavyo leo. Yako maradhi ambayo hayaletwi na mbu wala na maji machafu, bali mtoto huzaliwa nayo. Mojawapo ni selimundu. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba njia ndogo za damu, na mtoto akapatwa na maumivu makali ya mifupa, na upungufu wa damu, na homa za mara kwa mara. Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani walibainisha namna ugonjwa huu unavyorithiwa. Mtoto huupata akirithi kasoro ile kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mzazi aliyeirithi kwa upande mmoja tu aghalabu ni mzima, analima na kufanya kazi kama wenziwe, wala hajui kwamba anayo. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba mna nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa.

Sasa fikirini ni nyumba ngapi zilizofiwa na watoto wawili au watatu kwa namna moja, na badala ya kuuliza habari za ukoo, watu wakatafuta mchawi. Ni bibi vizee wangapi walionyoshewa kidole na kufukuzwa kijijini, nao hawana hatia! Mtu ajuaye kwamba shangazi yake alizika watoto kwa maumivu ya mifupa, na mjomba wa mkewe vivyo hivyo, huyo anayo habari ya kumpelekea daktari. Damu itapimwa, na kweli itajulikana. Basi kuzijua habari za wafu kwaweza kuwaponya walio hai, na kumwokoa jirani katika uzushi.

Nakuja sasa katika sababu ya nne, nayo ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe kununua daftari.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na kaka yake mkubwa. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kaka huyu alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa upande wetu, nyuma ya Mombasa, kwenda kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kazi yao ilikuwa kubeba chakula na risasi kumfuata adui katika nchi ya Wadachi, nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Wenziwe kadha wa kadha walirudi katika vijiji vyao, yeye hakurudi. Haikuja barua, haukuja mshahara, wala hakuja mtu kusema amekufa.

Kwetu sisi mtoto hupewa jina la mzee aliyekufa, ili jina lisipotee. Lakini jina la kaka huyu lilikuwa limekwama. Kumpa mtoto jina lile ilikuwa ni kumzika mtu ambaye huenda yu hai. Na kutompa mtoto ilikuwa ni kuliacha jina life. Kila alipozaliwa mtoto wa kiume, wazee walimtazama bibi, naye alitikisa kichwa. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda wa miaka hamsini na zaidi.

Mwaka 1968 nilikuwa mwanafunzi. Mwalimu wetu akatuagiza kila mmoja aandike majina ya wazee wake wa vizazi vinne, na kwa kila jina aandike mahali mtu huyo alipozikwa. Nikaenda kwa bibi. Tulipofika katika jina la kaka yake, akaniambia, "Hapo acha pengo." Nikaacha pengo, lakini pengo lile lilinisumbua, maana mwalimu alikuwa mkali. Nikamwuliza mjomba wangu, naye akasema amepata kusikia ya kwamba ng'ambo ya mto, mwendo wa siku moja, kuna mzee aliyekuwa Kariakoo wakati wa vita. Jumamosi tukafunga safari kwa miguu.

Tulimkuta mzee yule chini ya mkorosho, anasokota kamba. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha maji. Mjomba akaeleza tumetoka wapi, kisha akamtajia jina la yule mtu. Mzee akaacha kusokota. Akanyamaza kwa kitambo, kisha akauliza, "Ndiye yule mwenye kovu la moto mguu wa kushoto?" Mjomba akanitazama, maana sote tulikuwa tumepata kusikia kwa bibi ya kuwa kaka yake aliangukia mekoni alipokuwa mtoto.

Hapo mzee akatueleza. Walikuwa karibu na mto Rufiji, katika mvua kubwa za mwaka 1917. Nchi yote ilikuwa maji, chakula kikawa haba sana, na wapagazi wakashikwa na tumbo la kuhara damu. Yule ndugu yetu aliugua siku sita. Alizikwa pamoja na wenziwe wawili katika kaburi moja, juu ya kilima kidogo ambacho maji hayakukifikia. "Nilimfunika uso mimi mwenyewe," akasema mzee.

Mjomba akamwuliza, bila ya ukali, "Baba, mbona hukuja kutuambia?"

Mzee akajibu, "Nilirudi mgonjwa, nikalala mwaka mzima. Nilipopona niliona haya. Ningesimamaje mbele ya mama yake, mimi mzima na mwanawe yu chini? Nikasema, watakuja kuniuliza. Nikangoja. Hamkuja."

Wasikilizaji, maneno yale sijapata kuyasahau. Mzee yule alikuwa na haya ya kusema, na sisi tulikuwa na hofu ya kuuliza, na kati ya haya na hofu ikapita miaka hamsini na mmoja, mwendo wa siku moja tu.

Tuliporudi tukamweleza bibi. Hakulia papo hapo. Aliuliza neno moja tu, "Alizikwa?" Mjomba akasema, "Alizikwa, na aliyemzika ni mtu wa huku kwetu." Bibi akasema, "Basi." Jioni ile ndipo alipolia. Matanga yakakaliwa, watu wakaja, wakala na kuomba dua. Baada ya miezi mitano dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, na bibi mwenyewe akamnong'oneza jina lake sikioni. Jina lile lingali hai hata leo, na mwenyewe amekwisha kuwa baba wa watoto. Mzee wa ng'ambo alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata. Lau mwalimu angalitoa kazi ile baada ya mwaka mmoja, pengo lingalibaki pengo milele.

Tena msidhani ya kuwa hasara hii ilikuwa ya nyumba yetu peke yake. Jina la Kariakoo, liitwalo mtaa mkubwa na soko la Dar es Salaam, latokana na jeshi lile la wapagazi. Katika mji huo huo iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika vita vile. Lakini mpagazi hakupewa kaburi lenye jina lake kama walivyopewa askari wa Kizungu. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kosa hilo na kuomba radhi. Taarifa ilisema ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mtu anayetafuta habari za babu yake aliyekuwa mpagazi hafanyi kazi ya ukoo wake tu. Anarudisha jina moja katika hesabu ya majina mengi yaliyopotea.

Sababu ya tano yahusu watu ambao pengo lao ni kubwa kuliko la mtu mmoja. Twasema katika mithali, "Mwacha asili ni mtumwa." Lakini na tulifikiri neno hili vizuri. Aliyechukuliwa utumwani hakuiacha asili yake; alinyang'anywa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwakalisha watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walifika wangali watoto, wametoka nchi za mbali, pande za ziwa Nyasa na kwingineko. Wengine walikuwa wamekwisha kulelewa Nasik katika Bara Hindi kabla ya kurudishwa Afrika. Wakapewa majina mapya katika ubatizo, na mtoto aliyekuwa hajajua kulitaja vizuri jina la kijiji chao hakuweza kuwaachia wanawe jina hilo. Wajukuu wao wakiuliza leo, "Sisi ni watu wa wapi?" hawaulizi kwa upuuzi.

Huko Marekani hali ni hiyo hiyo. Utumwa ulikomeshwa katika nchi ile yote mwaka 1865. Katika hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa karibu wote bila majina: liliandikwa jina la bwana wao, na chini yake umri, na mume au mke, na rangi. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika watu hao wote kwa majina yao, kama watu. Kwa hiyo wajukuu wao wanaotafuta wazee wao hurudi nyuma mpaka mwaka 1870, na hapo hukuta kama ukuta. Ili kuuvuka huwabidi kusoma hati za mabwana, wasia na daftari za kuuzia watu, wakimtafuta bibi yao kati ya ng'ombe na vyombo vya shamba. Ni kazi ya uchungu, nao huifanya, kwa kuwa mtu ataka kujua jina la aliyemzaa.

Hata hivyo sina budi kuwaonya. Wako watu wanaotafuta nasaba si kwa kutaka kweli, bali kwa kutaka kujiona bora kuliko jirani. Huyu hutafuta sultani katika ukoo wake, na asipompata humtunga. Mwingine huhesabu baba kumi na wawili mfululizo hata kufika nchi ya mbali, wala hawezi kukutajia jina la mama wa bibi yake. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za vinasaba walivyovichunguza katika mifupa ya watu 80 wa kale, waliozikwa hasa katika miji ya pwani yetu, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Waliona ya kuwa hadithi za wazee juu ya wageni kutoka Uajemi zilikuwa na kweli ndani yake, maana damu ya Uajemi imo, nayo ililetwa hasa na wanaume. Lakini waliona pia ya kuwa kwa wengi katika watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, nayo ilitoka hasa kwa wanawake. Basi nasaba inayotaja baba peke yao imesema nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ni ya mama waliozaa na kulea, na kuwafundisha wana wao lugha hii ninayonena nanyi.

Tena mwenye kutafuta na awe tayari kupata yasiyopendeza. Huenda ukamkuta babu aliyekuwa mtumwa, au babu aliyeuza watumwa. Wa kwanza si aibu yako, na wa pili si kosa lako; lakini wote wawili ni wako. Andika kama ulivyoambiwa, wala usipake rangi.

Labda mtaniuliza, kazi hii yaanzwaje? Yaanzwa karibu, si mbali. Kwanza jiandike mwenyewe, kisha wazazi wako, kisha wazazi wa wazazi wako, wa kuumeni na wa kukeni. Halafu nenda kwa wazee, nenda kwa adabu, wakati wa jioni kazi zikiisha, wala usiwakatize. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa usimlazimishe mwaka. Mwulize alikuwa mkubwa namna gani wakati wa mafuriko ya 1961, au alipoona bendera ya uhuru ikipandishwa, kisha ufanye hesabu mwenyewe. Habari uliyopata kwa mmoja, ipeleke kwa wa pili bila ya kumwambia kwanza ulichosikia, uone kama zapatana, kama kovu lile la mguu lilivyopatana. Andika pia ni nani aliyekuambia, na siku gani. Vyeti vya ndoa na vya ubatizo, hati za mashamba, na barua za zamani zilizomo masandukuni, msizitupe wala msizifungie samaki. Na palipo na pengo, acha pengo. Pengo la kweli ni bora kuliko jina la uongo, maana aliye baada yako ataweza kulijaza.

Ninyi wanafunzi, kazi hii yawafaa zaidi, kwa kuwa mnajua kuandika, na babu na bibi hawatachoka kuwajibu kama watakavyochoka kutujibu sisi watu wazima. Kesho si mbali, anzeni kesho. Lakini kama katika nyumba yenu yuko mzee ambaye ni mgonjwa, msingoje kesho.

Na yule kijana wa jirani? Nilipokwisha kumweleza haya, hakusema neno. Akanyosha mkono, akaomba karatasi moja katika daftari langu. Nilimpa mbili.